Saa Tatu Usiku: Habari na Sayansi Chini ya Paa la Televisheni ya Umma

Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 2017, televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilipata wageni wawili wa saa tatu usiku, na kiti kilikuwa kimoja. Wa kwanza alialikwa mapema: NOVA, kipindi cha sayansi kinachotengenezwa Boston, kilipangiwa saa hiyo kuonyesha makala ya kupatwa kwa jua kulikotokea mchana wa siku ileile. Wa pili alibisha hodi jana yake tu. Ikulu ilitangaza kwamba Rais Donald Trump angelihutubia taifa kutoka kambi ya Fort Myer, Virginia, kuhusu vita vya Afghanistan, saa tatu hiyohiyo kwa saa za pwani ya mashariki. Kwa utaratibu wa Marekani kila kituo mwanachama hujipangia ratiba yake, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni kituo.

Kinachonivutia si nani aliketi na nani alisubiri nje. Kinachonivutia ni tofauti ya mialiko yao. Wanafalaki waliijua siku ile, dakika yake na njia yake, miaka mingi kabla: kivuli cha mwezi kingegusa Oregon asubuhi, kikate majimbo 14 kwa muda wa kama saa moja na nusu, kitokee South Carolina alasiri na kutumbukia Atlantiki, na hakuna mahali ambapo giza lingezidi kama dakika 2 na sekunde 40. Hotuba ya Rais ilikuwa na notisi ya siku moja. Mchana kamera za habari zilikwenda kwenye jua kama kila mtu alivyokwenda, zikarudi na kitu zinachokipenda: Rais mwenyewe kwenye roshani ya Ikulu, amenyanyua uso kulitazama jua bila miwani. Picha ile ilizunguka dunia. Ilikuwa habari, sina ubishi. Ila mtu aliyetaka kujua kwa nini jicho huungua na mwenyewe asisikie maumivu ilibidi angoje kipindi kingine kimweleze kwamba retina haina neva za kuhisi maumivu, na kwamba hasara hujulikana baada ya saa kadhaa, kuna doa katikati ya kila anachokitazama.

Ndiyo maana naanza na ratiba. Televisheni ya umma hujadiliwa kwa maneno makubwa, uhuru, elimu, umoja wa taifa, na ratiba inabaki ukutani bila msomaji. Ukiisoma kama mwenye duka anavyosoma daftari la madeni, inakuambia nani analipa, nani anaogopwa, na kitu gani kinaweza kusogezwa pembeni bila mtu kupiga simu kulalamika. Kwa kawaida kinachosogezwa ni sayansi.

Mfumo wa Marekani ulitokana na sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 7 Novemba 1967. Sheria hiyo iliunda shirika la utangazaji wa umma, CPB, ambalo halikuwa na kituo wala kamera ya kurushia matangazo. Lilipokea fedha za Bunge na kuzigawa, likasimama katikati kama ukuta ili mwanasiasa anayetoa fedha asimfikie mhariri anayezitumia. PBS yenyewe, iliyoanza kurusha vipindi mwaka 1970, ni umoja wa vituo mia tatu na ushee. NewsHour, kipindi cha habari cha jioni, hutoka kituo cha WETA cha Washington, NOVA hutoka GBH ya Boston, na Nature, kile cha wanyama na misitu, hutoka WNET ya New York. Kwa lugha ya mtaani kwetu ni upatu: kila mmoja anachangia, na kapu likijaa kila mmoja anachota.

Ukuta ulijaribiwa mapema. Mwaka 1971 waandishi wa siasa Sander Vanocur na Robert MacNeil waliajiriwa na televisheni hiyo ya umma, Ikulu ya Richard Nixon ikachukia, na Juni 1972 Nixon akaukataa muswada wa fedha za CPB. Mwaka uliofuata Seneti ilianza kuchunguza kashfa ya Watergate. Televisheni ileile iliyonyimwa fedha ikaamua kurudia vikao vyote kila usiku, mwanzo hadi mwisho, watu wakiwa wamesharudi kazini, huku MacNeil na Jim Lehrer wakiwa mezani kueleza. Michango ya watazamaji ikamiminika vituoni. Meza ile ndiyo iliyozaa kipindi chao cha mwaka 1975, kikarefushwa kuwa cha saa nzima mwaka 1983, na ndicho kilichokua kikawa NewsHour.

Sayansi iliingia kwa mlango wa pili, miaka hiyohiyo. Michael Ambrosino, mtayarishaji wa Boston, alikwenda London akakaa BBC mwaka mzima akijifunza jinsi wenzake walivyotengeneza Horizon, kipindi kilichoanza Mei 1964. Alirudi na lake, na tarehe 3 Machi 1974 NOVA ikaanza. Toleo la kwanza halikuwa la roketi wala dawa mpya. Lilikuwa makala kuhusu namna makala za viumbe zinavyotengenezwa: taa, lenzi, na subira ya watu wanaotaka kumnasa mdudu au samaki akifanya jambo analolifanya mara moja. Nampenda Ambrosino kwa uchaguzi huo. Kabla ya kumwambia mtazamaji kinachojulikana, alimwonyesha kinavyojulikana.

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Mwandishi wa habari huuliza nani amesema, lini, na mwenzake amejibu nini. Mtayarishaji wa sayansi huuliza umejuaje. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO, mmoja Hanford katika jimbo la Washington na mwingine Livingston, Louisiana, ilinasa mtikisiko wa anga uliotoka kwenye matundu meusi mawili yaliyogongana na kuungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Wanasayansi walikaa kimya karibu miezi mitano wakikagua kama wamedanganywa na mashine yao. Walipotangaza tarehe 11 Februari 2016, taarifa ya habari ilipata siku yake: mkutano na waandishi, makofi, jina la Einstein. Miezi ile mitano ya mashaka haikutosha kwenye dakika mbili na nusu za habari, ilhali ndiyo sayansi yenyewe.

Mchanganyiko wa njia hizi mbili una hatari, na BBC iliionja. Mhariri wa habari amefundwa kuita pande mbili. Katika uchaguzi hilo ni haki. Ukilipeleka kwenye kipimo cha joto la bahari, unamkalisha mtu mmoja mwenye vipimo vya miaka 30 na mwenzake mwenye maoni, kisha mtangazaji anawashukuru wote kwa muda wao. Mwaka 2011 Steve Jones, mtaalamu wa vinasaba wa University College London, aliifanyia bodi ya BBC tathmini ya habari za sayansi, akasema wazi kwamba uchu huo wa usawa ulikuwa unawapa wapinzani wachache wa sayansi ya tabianchi uzito wasioustahili. Tatizo halikuwa uongo, kwa maana kila mgeni alikuwa amesema alichoamini. Lilikuwa tatizo la viti: studio ilikuwa na viti viwili, basi mtazamaji akadhani na hoja zinalingana.

Sasa tuipite siku ya kawaida ya PBS, tuseme Jumatano. Asubuhi ni ya watoto, na hapo ndipo sayansi ilipo nyingi kuliko wakati wowote, imefichwa kwenye katuni: Wild Kratts na ndugu wawili wanaojifanya wanyama, Odd Squad na hesabu zake. Watu wazima hupitia sebuleni wakitafuta funguo za gari. Mchana unapita na mapishi na marudio. Saa kumi na mbili au saa moja jioni, kutegemea kituo, NewsHour inaingia na saa yake nzima isiyokatwa na matangazo ya sabuni, na humo humo mwandishi wa sayansi kama Miles O'Brien hupewa dakika saba au nane, anasa isiyojulikana kwenye vituo vya biashara. Saa mbili usiku ni Nature. Saa tatu ni NOVA. Kwa miaka mingi Jumatano imekaa hivyo, na mazoea hayo yana thamani yake: mtu anajua atafungua nini bila kutafuta. Frontline, wachunguzi wa mambo mazito, wana Jumanne yao.

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la fedha, utaona jambo. Habari ni samaki mbichi, jioni ya kesho haina bei. Sayansi ni nguru aliyekaushwa kwa chumvi: makala ya NOVA kuhusu fuvu au volkano inaweza kurudiwa baada ya miaka mitatu na bado ikaliwa. Lakini kumkausha kuna gharama. Makala ya saa moja huchukua miezi, pengine miaka, ya utafiti, safari, wapigapicha na michoro ya kompyuta, na hakuna mlipakodi atakayeivumilia yote peke yake. Fungu la serikali kuu lilikuwa kwa wastani kama asilimia 15 ya mapato ya mfumo wa PBS. Kilichobaki kilitoka kwa watazamaji wanaochangia, majimbo, vyuo, mifuko ya hisani, na wafadhili wanaotajwa kabla ya kipindi kuanza.

Hapo kwenye majina ya wafadhili mtazamaji makini hubana macho. Kwa miaka mingi NOVA ilimtaja miongoni mwao David H. Koch, tajiri wa viwanda na mafuta ambaye fedha za familia yake zilisaidia pia taasisi zilizokuwa zikipinga hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Wako walioandamana wakitaka aondolewe kwenye bodi ya kituo cha Boston. Na bado, Oktoba 2012, PBS hiyohiyo ilirusha makala ya Frontline iitwayo Climate of Doubt, iliyofuatilia jinsi makundi yenye fedha yalivyojenga shaka kuhusu tabianchi. Wapo wanaosema hiyo ni hoja ya kumaliza mjadala: ukuta ulifanya kazi. Mimi sijaridhika. Ukuta huzuia makala isifutwe, hauwezi kukuonyesha makala ambayo hakuna aliyethubutu kuipendekeza. Mtayarishaji anayejua nani atalipia msimu ujao hahitaji kupigiwa simu.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo habari na sayansi huwa kitu kimoja, na hakuna mahali zimeungana kama Japani. NHK, televisheni ya umma ya huko, haitegemei mfuko wa serikali. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1950 inazitaka kaya zenye televisheni ziingie mkataba nayo na kulipa ada, ingawa bajeti yake lazima ipite bungeni. Alasiri ya Ijumaa tarehe 11 Machi 2011, NHK ilikuwa ikionyesha moja kwa moja kikao cha kamati ya bunge mjini Tokyo, kipindi cha kusinziza kama vilivyo vikao vya kamati popote. Saa nane na dakika 46 ikalia kengele, na ramani ikajitokeza juu ya picha ya wabunge: tetemeko limetokea pwani ya kaskazini mashariki. Wabunge walikuwa bado wametulia. Kisha taa za dari zikaanza kuyumba.

Sekunde zile ni sayansi tupu. Tetemeko hutoa aina mbili za mawimbi. La kwanza linakimbia lakini halina nguvu. La pili linatembea polepole zaidi, nalo ndilo linalobomoa nyumba. Mashine zilizotegwa ardhini hulinasa la kwanza, kompyuta hupiga hesabu, na habari, inayosafiri kwa kasi ya umeme, hulitangulia la pili. Mbali na kitovu unapata muda wa kuzima jiko na kuingia chini ya meza. Waliokuwa jirani na kitovu hawakupata muda mwingi hivyo. Ili mnyororo huo ufanye kazi, mamlaka ya hali ya hewa lazima iwe na waya wa moja kwa moja hadi kwenye kituo cha televisheni, na kituo kiwe kimekubali mapema kwamba mashine ina ruhusa ya kumkatiza mbunge. Hakuna mhariri aliyeombwa idhini.

Dakika zilizofuata zinafundisha zaidi, kwa kuwa sayansi ilikosea. Makadirio ya kwanza yaliliweka tetemeko kwenye 7.9, likaja kupimwa 9.0. Onyo la kwanza la tsunami lilitaja mawimbi ya mita 6 Miyagi na mita 3 Iwate na Fukushima. Sehemu nyingi yalikuja makubwa kupita hapo mara kadhaa. Mtu mwenye ukuta wa bahari wa mita 10 mbele ya nyumba yake akisikia mita 3, hana sababu ya kukimbia. Onyo lilipandishwa baadaye, lakini umeme ulikuwa umekatika na televisheni nyingi zimezimika. Wakati huo helikopta ya NHK ilikuwa juu ya Natori, karibu na Sendai, ikionyesha maji meusi yakisogea shambani na magari barabarani yakielekea kusikojulikana. Dunia nzima iliona picha ile. Ni moja ya nyakati chache ambapo kamera ya habari ilirekodi ushahidi ambao wanasayansi walirudi kuusoma.

Wajapani wakakaa chini kujisahihisha. Mamlaka ya hali ya hewa ikabadili taratibu ili kwa matetemeko makubwa mno onyo la mwanzo litumie maneno badala ya namba isiyoaminika. NHK nayo ikabadili sauti. Zamani mtangazaji wake alifundishwa kutulia ili asiwatie watu hofu. Utulivu ule ulionekana baadaye kuwa sehemu ya tatizo. Tetemeko lilipoipiga rasi ya Noto tarehe 1 Januari 2024, siku ya mwaka mpya, mtangazaji wa kike wa NHK alipaza sauti karibu ya kufoka, akiwaamuru watu wakimbie sasa hivi, wasirudi nyuma, wakumbuke mwaka 2011. Waliozoea adabu ya Kijapani walishtuka. Ilikusudiwa washtuke.

Kwetu Afrika Mashariki televisheni ya umma ya kigeni imetugusa kwa njia ambayo wengi hawaikumbuki. Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa na kipindi kwenye televisheni ya umma ya Ujerumani tangu 1956, Ein Platz für Tiere, kilicholipiwa na ada ya kaya za Wajerumani na kilichodumu hadi 1987. Yeye na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo iliyochorwa mistari ya pundamilia, wakihesabu wanyama kutoka angani. Michael alikufa Januari 1959 ndege ilipogongana na tai. Filamu yao ya Serengeti ilishinda Oscar, na Grzimek akaendelea kukaa mbele ya kamera mjini Frankfurt, mara nyingi akiwa na mnyama mezani, akiwaomba watazamaji michango. Sayansi ya kuhesabu nyumbu ikawa habari, habari ikawa fedha, fedha zikawa sera katika nchi ambayo watu wake hawakuwa na televisheni ya kukitazama kipindi hicho. Wamasai, ambao mpaka wa hifadhi ulipita juu ya malisho yao, walionekana kwenye picha kama sehemu ya mandhari. Hakuna aliyewauliza wamejuaje mvua inakohamia.

Televisheni Zanzibar ilianza 1973, kwa rangi, na hutajwa mara kwa mara kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Ng'ambo ya pili ya mkondo, Tanzania Bara iliishi bila televisheni hadi 1994, na iliyoanza ilikuwa ya watu binafsi. Ya taifa, ambayo leo ni TBC, ilifuata miaka michache baadaye. Tusikimbilie kuiita miaka hiyo ya giza. Mwaka huohuo wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 kuizunguka redio, na vitabu na viongozi wa vikundi, wakijifunza malaria, minyoo, maji ya kunywa, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Ilikuwa sayansi ya umma kwa Kiswahili, na mrejesho wake ulionekana kwa jembe. Televisheni ya rangi haijafikia hapo mpaka leo.

Kwa nini? Jibu la haraka ni umaskini, nalo ni la kweli nusu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaendelea kuwepo TBC hali ya fedha iwe vipi, kwa sababu ina mtu anayeingoja: waziri aliyefungua kisima asubuhi. Kenya ina mgawo wake, Kiswahili saa moja na Kiingereza saa tatu, na wengi wanaujua kama wanavyojua saa za kula. Sayansi haina waziri anayeingoja. Inachobaki nacho ni kipindi cha mahojiano: meza, maua ya plastiki, mtaalamu mmoja, mtangazaji mwenye karatasi, na jina la mradi uliolipia likipita chini ya skrini. Hata Bunge, ambalo lina wenyewe, lilipunguzwa: Januari 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Kama wabunge walishindwa kuilinda saa yao, daktari wa mimea ataanzia wapi? Mwaka 2018 TBC ilizindua Tanzania Safari Channel, na hapo wanyama hatimaye walipata chaneli nzima. Ni chaneli nzuri kwa kumwita mgeni. Kazi yake ni utalii, na utalii huonyesha simba bila kuuliza nani amemhesabu.

Sayansi pekee inayoingia taarifa ya habari kila siku ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Tumezoea kuusikiliza kwa sikio moja, tukingoja michezo. Lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea pwani, utabiri ulihama kutoka mkiani mwa habari ukakaa kichwani. (Hidaya maana yake ni zawadi, orodha za majina ya vimbunga zina ucheshi wake.) Kwa siku kadhaa tulielezwa kipo kilomita ngapi kutoka Mafia, upepo wake una kasi gani, kwa nini ni nadra kimbunga kusogea karibu hivi na ikweta. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Wavuvi walikaa. Kimbunga kilifika Mafia kikadhoofika, na kwenye vijiwe vya kahawa wakaanza kusema tumetishwa bure. Ndiyo adhabu ya onyo lililofanya kazi.

Miezi mitano nyuma, tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulimwaga tope juu ya mji wa Katesh na zaidi ya watu 80 wakafa. Televisheni ilikuwepo, na ilifanya kazi yake ya habari kwa bidii: majeneza, viongozi, misaada ikipokelewa kwa foleni. Uvumi ulikuwa volkano imeamka. Maelezo ya kitaalamu yalikuja: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujibeba, ikaporomoka. Sentensi mbili, zikapita. Makala ya saa nzima kwa Kiswahili, yenye mchoro wa mlima uliokatwa kama keki, ingekuwa na watazamaji kuanzia Bududa ya Uganda, chini ya mlima Elgon, ambako maporomoko ya mwaka 2010 yalifukia vijiji, hadi Kivu, ambako miteremko hubomoka kila masika. Mtu anayelima mteremkoni anahitaji kujua ufa gani wa kuogopa. Lugha ipo, watu wapo. Fungu la bajeti lenye jina hilo ndilo halipo.

Nimeisifu Marekani kwa Jumatano yake. Ni haki niseme ilivyoishia. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa CPB kwa miaka miwili, na Trump, mgeni yuleyule wa saa tatu, akatia saini tarehe 24. Tarehe 1 Agosti CPB ikatangaza kwamba inaanza kufunga kazi. Ukuta ule wa mwaka 1967 haukubomolewa kwa kumshambulia mhariri yeyote. Walikata maji upande wa juu wa mfereji. Boston na New York wana wachangiaji matajiri na watajikongoja. Vituo vidogo vya vijijini, vingine vikitegemea fungu hilo kwa zaidi ya nusu ya mapato yake, ndivyo vilivyoanza kupunguza watu. Katika upatu, mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia kapu likivunjika, na huko vijijini ndiko antena ya umma huwa ya mwisho kubaki.

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu mwaka mmoja kabla ya kivuli cha Oregon, jua lilipatwa Rujewa, wilaya ya Mbarali, Mbeya. Kulikuwa kupatwa kipete: mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, na kwa takriban dakika tatu pete ya moto ikazunguka duara jeusi. Watu walifurika kutoka mikoani, wanafunzi kwa mabasi, wengine na vioo vya kuchomelea vyuma mkononi. Wakati pete ilipofunga wakapiga vigelegele. Jioni taarifa ya habari ilikuwa na picha za umati.

Pete hiyo itarudi Tanzania, ikitokea Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, tarehe 21 Mei 2031. Ni Jumatano.